Sanduku Lisiloibika

Nilikuwa ndiyo kwanza nimepita ukaguzi uwanja wa ndege, mpini wa begi langu ukang'oka, nikabaki nao mkononi. Na pale pale, mbele ya pua yangu, duka la masanduku ya kifahari.

Muuzaji alinipokea kwa heshima ambayo hata shemeji zangu hawajawahi kunipa. "Hili, bosi, ni polikaboneti. Ndiyo wanayotengenezea vioo visivyopenya risasi." Akapanda juu ya sanduku kwa miguu yote miwili, akaruka kidogo. Akalisukuma kwa kidole, likaondoka lenyewe kwa magurudumu yake manne hadi upande wa manukato. Sentimita 55 kwa 40 kwa 20, ndani ya ndege unaingia nalo. Bei niliitupia jicho, nikalirudisha haraka.

Nikahamisha vitu. Yeye akaanza somo la kufuli: namba za kiwandani ni 000, unabonyeza kidude hiki kwa ncha ya kalamu, unazungusha unazotaka, basi! Alikuwa akizungusha huku ananitazama usoni. Kisha, kwa ukarimu wake, akachukua pasipoti na pasi yangu ya kupandia ndege, akazitia kwenye mfuko maalumu wa nyaraka ("humu mwizi hafiki"), akafunga zipu, akavuruga namba.

"Haya, fungua mwenyewe."

"Namba ngapi?"

Tukatazamana. Kipaza sauti nacho kikaanza kuwaita abiria wa ndege yangu.

000 ikagoma. Vigurudumu vitatu, kila kimoja tarakimu kumi: jumla namba 1,000. "Tuanze na 001," akasema, katulia kabisa, maana yeye hasafiri. Watu wakajaa. Mmoja akashauri tujaribu mwaka wangu wa kuzaliwa, akasahau una tarakimu nne. Bibi mmoja akaweka sikio kwenye kufuli, akatuamuru tunyamaze.

"Na hili tundu la ufunguo?"

"Ufunguo wake mteja hapewi, bosi. Wanao TSA, wakaguzi wa usalama viwanja vya ndege vya Marekani." Alisema kwa fahari kabisa. Marekani kwenyewe siko wala siendi.

Aliyeniokoa ni mama wa usafi. Aliegesha ufagio, akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati la muuzaji, akaizamisha kati ya meno ya zipu na kuivuta. Kwaaa! Sanduku la kuzuia risasi likapasuka kama ganda la njugu. Akanikabidhi kalamu, akaendelea kufagia.

Vichwa vya zipu vilikuwa bado vimenaswa kwenye kufuli, kwa hiyo kulifunga tena haikuwezekana. Nikavua mkanda wa suruali, nikalikaza nao. Mkono mmoja sanduku, mwingine suruali, mbio mpaka langoni, mguu wa pajama ukining'inia nje na kusalimia watu.

"Bosi! Bosi!"

Kugeuka, muuzaji huyo anakuja mbio. Moyo ukafurahi: ananirudishia hela zangu! Akafika akihema, akanyoosha mkono.

"Umeondoka na kalamu yangu."