Nobu ya Gia Iliyomgeukia Abiria

Mtu akiwa na gari la mbio, watu hudhani kwamba maudhi yake yatakuwa ya injini, mafuta na askari wa barabarani. Mimi ninaendesha Toyota Altezza RS200 ya mwaka 1998, yenye gia sita za mkono, na injini yake ya lita 2 haijawahi kuniaibisha mbele za watu. Kinachoninyima usingizi ni kidude kinachoenea kiganjani.

Nobu ya gia iliyokuja na gari ilichakaa hadi namba zikafutika, nikaenda kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani nikauziwa mpya ya aluminiamu, inayong'aa kupita kiasi, huku muuzaji akiapa kwamba ni ya gari hilo hilo. Kuingia, iliingia. Lakini ilipokazika barabara, mchoro wa gia ulio juu yake ulikuwa umepitiliza kwa robo mzunguko na kumgeukia abiria. Kwa mujibu wa nobu hiyo, ukitoka gia ya kwanza kwenda ya pili huvuti mkono nyuma kama ulivyofundishwa, bali unausukuma kushoto, kuelekea magotini kwa uliyempa lifti.

Majirani wananiambia nisijali, kwani gari si linakwenda? Linakwenda, naam. Hata suruali iliyovaliwa zipu ikiwa nyuma hukufikisha kazini. Tatizo ni kwamba aliyekaa kushoto ndiye anayeusoma mchoro huo ukiwa wima, na mama mkwe wangu, tuliyempa kiti hicho kwa heshima siku ya kwenda harusini, aliusoma kituo kwa kituo tangu Mbagala. Mwishowe akasema kwa upole, "Baba, mbona humu wameandika hivi na wewe unapeleka kule?" Nikamjibu, "Shikamoo mama," ilhali nilikwisha kumwamkia asubuhi. Mke wangu, huko kiti cha nyuma, alicheka hadi akafungua dirisha.

Ukiilegeza nobu ili irudi ilikotakiwa, inacheza mkononi na kupiga kelele kwenye kila tuta. Jirani yangu fundi bomba aliizungushia hesi, ile mikato ya skrubu kwenye fimbo ya gia inapokazwa nobu, ile tepu nyeupe ya mabomba, nobu ikatulia kwa adabu, kisha jua la mchana likapasha ile aluminiamu na ikaanza kucheza upya. Mwingine akaleta supagluu. Huyo nilimkaribisha chai tu, kwa sababu siku ngozi inayofunika fimbo ya gia chini ya nobu itakapochanika, sitaki kuitoa nobu kwa msumeno.

Dawa halali ni nati nyembamba inayotangulia kwenye hesi: unaigeuza nobu ikae sawasawa, kisha unaipandisha nati ikabane chini yake. Ila hesi ya Toyota ni ya milimita 12 kwa 1.25, yaani unene wa 12 na mwendo wa 1.25 kwa kila mzunguko, na kila duka nililoingia lilikuwa na nati za 12 kwa 1.75, na kila muuzaji alinishauri niilazimishe tu, itazoea. Sijui nati huzoea vipi. Mimi mwenyewe ninaishi Dar es Salaam miaka yote hii na foleni sijaizoea.

Hatimaye nikampata fundi anayetumia hesabu. Alisema hivi: mzunguko mmoja mzima huishusha nobu milimita 1.25, kwa hiyo robo mzunguko ni milimita 0.3 na ushei; ukiweka kitu cha unene huo ndani, kwenye kitako cha tundu, nobu itakaza mapema, ikiwa bado imenyooka. Bati la kopo la soda lina unene wa takriban milimita 0.1. Akakata visahani vitatu kwa mkasi, vidogo kuliko vifungo vya shati, akavipanga tunduni kwa ncha ya bisibisi, akaikaza nobu, nayo ikasimama gia ya kwanza ikitazama mbele, kushoto, mahali pake.

Nilitaka kumkumbatia, hadi aliponipa hesabu ya malipo. Ufundi ulikuwa bei nafuu kabisa. Chini yake, kwenye vipuri, palikuwa na soda tatu za kopo, zilizonywewa na yeye pamoja na vijana wake wawili. Nilipouliza kwa nini kopo moja lisingetoa visahani vyote vitatu, fundi alinitazama kwa huruma, akafuta mikono kwa gunia, akaniambia, "Bosi, kwenye gari la mbio hatubahatishi vipuri."