Mkamuaji wa alizeti Singida hana haja ya semina nyingine

Ukipita Singida kwa basi utayaona madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa kando ya barabara, na abiria wamejaa madirishani wakiuliza bei. Mafuta yale yamekamuliwa mkoani humohumo, mengi kwa mashine za wafanyabiashara wadogo. Tanzania nayo bado inaagiza mawese kutoka Malaysia na Indonesia, kwa kuwa mafuta yetu hayatoshi. Basi mbona mashine hizo zinakaa kimya miezi mingi ya mwaka?

Maofisini jibu huwa semina ya ujasiriamali: bango, chai na sambusa, daftari, picha ya pamoja. Sina ugomvi na sambusa. Ila mkamuaji anajua kukamua. Anachokosa ni fedha mkononi msimu wa mavuno.

Mavuno yakianza, kwenye Mei hivi, bei ya gunia huwa chini, maana mkulima ana madeni na ada za watoto. Mwenye fedha taslimu ndiye anayenunua. Mkamuaji mdogo anapata mbegu za wiki chache, anakamua, anauza dumu mojamoja, na akirudi kutafuta mbegu anakuta gunia limepanda, tena limo kwenye ghala la mtu mwingine. Mashine inazimwa, na kijana aliyekuwa akiiendesha anarudi kwenye bodaboda. Mbegu zikiondoka na malori, mashudu (makapi yanayobaki baada ya kukamua) nayo yameondoka, na mkamuaji anayajua vizuri mashudu: mafuta yanaweza kurudisha gharama tu, faida akaipata kwa wafugaji wa kuku na ng'ombe.

Akienda benki anaulizwa hati ya nyumba. Sheria ya stakabadhi ghalani, yaani risiti ya mazao yaliyohifadhiwa ghalani, tunayo tangu 2005. Kwa nini magunia yaliyofungiwa ghalani chini ya mtunzaji anayeaminika yasiwe dhamana yake? Alipe kidogokidogo, atoe kidogokidogo. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ni jambo jema, lakini ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Baba wa miaka 50 mwenye mashine na wafanyakazi watano hayumo. Na hata kwa waliomo, fedha ikitoka Novemba msimu umeshapita.

Mwaka 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kujisajili VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kilipandishwa kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200. Hapo serikali ilifanya vizuri, nami nasema wazi. Ushuru wa mafuta ya nje ndio unaoniudhi: bajeti hii juu, bajeti ile chini, na ukishuka mafuta ya nje yanakuwa rahisi, aliyekwisha kununua mbegu kwa bei ya jana anabaki nazo.

Halafu kuna mnunuzi aliye karibu kabisa. Shule za bweni, hospitali na magereza ya mkoa hupika kila siku. Zingeweza kununua mafuta ya palepale, yenye alama ya TBS (Shirika la Viwango), na kulipa ndani ya mwezi mmoja. Nasisitiza kulipa. Mfanyabiashara mkubwa anaweza kuidai taasisi miezi sita akaendelea kula. Mdogo akidai miezi sita, mtaji wake wote umelala kwenye faili la mhasibu, na mavuno yanayofuata yatamkuta mikono mitupu.