Asilimia 99 hiyo imetoka wapi?

Inaniuma kuona vijana wanaotaka kazi ya kuzifundisha saa za mkononi kusoma afya wakishauriwa waanze na mitandao ya neva, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kwa mifano. Baadaye wanajaza kwenye CV mradi wenye usahihi wa asilimia 99, na hakuna anayewauliza data waliigawa vipi.

Wengi huchukua WESAD, seti ya data ya mwaka 2018 yenye vipimo vya msongo wa mawazo vya watu 15 waliovaa vihisi mwilini. Wanakata mawimbi vipande vya sekunde 60, kila kimoja kikianza sekunde 10 baada ya kilichotangulia, wanavichanga kama karata, kisha wanatenga asilimia 20 za kupimia. Mtihani umeshavuja! Kipande cha kupimia na jirani yake aliyebaki kwenye mafunzo wana sekunde 50 zilezile. Modeli, yaani programu iliyofundishwa, haijajifunza msongo wa mawazo, imemkariri mtu: joto la ngozi yake, mapigo yake akiwa ametulia. Gawa kwa watu. Fundisha kwa 14, pima kwa aliyebaki, rudia mara 15, uonyeshe matokeo ya kila mmoja. Asilimia itashuka, na iache ishuke, maana saa itavaliwa na mtu ambaye modeli haijawahi kumwona.

Nakubali, shingo upande, kwamba data ikiwa nyingi mitandao ya neva hufanya vizuri. Lakini mtazame mkimbiaji wa hatua 170 kwa dakika ambaye moyo wake unapiga 140. Saa inaandika 170. Saa husoma moyo kwa kuimulika ngozi mwanga wa kijani na kupima unaorudi; mkono ukitikisika, mwanga huo unarudi na mdundo wa miguu, na mdundo huo unaufunika ule wa moyo. Kichujio kinachopitisha midundo ya hezi 0.5 hadi 4 tu (hezi ni mara ngapi kwa sekunde) hakiokoi kitu, kwa kuwa hatua 170 ni hezi 2.8, katikati kabisa ya mlango uliouacha wazi. Chora wimbi la mwanga juu na la kipimamwendo, kihisi cha mtikisiko wa mkono, chini yake, utaona vilele vinalingana.

Na ngozi? Melanini, rangi inayoitia ngozi weusi, hufyonza mwanga wa kijani. Kama uliowapima wote ni weupe, usiseme kifaa kinafanya kazi kwa watu wote.

Saa na mkanda wa kifuani unaopima moyo ili kulinganisha navyo hupishana muda: tofauti ya sehemu 20 kwa milioni ni sekunde 1.7 kwa siku. Vigonge pamoja mara tatu mwanzoni na mwishoni, ili mishtuko hiyo ionekane kwenye data zote mbili na uzipange kwa muda mmoja.

Ukiitwa kwenye usaili, nenda na mchoro wa yule mtu mmoja ambaye modeli yako ilimkosea zaidi, na ueleze sababu.