Kabla ya Kuchagua Ua, Utazame Udongo

Katika vitalu vya miche vya hapa Perth, magharibi mwa Australia, karibu kila kichaka chenye asili ya Australia huuzwa kikiwa na kibandiko kinachosema kwamba kinastahimili ukame, na mnunuzi huondoka nacho akiamini kwamba kazi ya kuchagua imekwisha. Kwa maoni yangu kibandiko hicho husema nusu tu ya jambo. Nusu nyingine, nayo ndiyo kubwa, ni udongo ambao ukoo wa kichaka hicho umeuzoea kwa maelfu ya miaka.

Wasomaji waliokulia Kilimanjaro au katika nyanda za juu za Kenya wanaufahamu mgrevilea, mti unaopandwa katika mashamba ya kahawa na chai kwa ajili ya kivuli na mbao. Huo nao ni wa Australia, lakini si mti wa jangwani: kwao ni upande wa mashariki, kusini mwa Queensland na kaskazini mwa New South Wales, kandokando ya mito na misitu inayopata mvua nyingi. Ndugu zake wa jamii hiyohiyo ya grevilea, ambao idadi yao inapita aina 350, wengine ni vichaka vifupi vya mchanga mkavu wa magharibi. Kwa hiyo kuambiwa tu kwamba mmea ni wa Australia hakumsaidii mtu mwenye bustani, kwa sababu Australia ni bara zima.

Perth mvua hunyesha hasa kuanzia Mei hadi Agosti, majira ambayo sisi wa pwani tungeyaita kipupwe, halafu Desemba hadi Machi hupita karibu bila mvua, na zipo siku ambazo joto huvuka nyuzi 40. Udongo wa mitaa mingi ni mchanga mtupu, na mchanga huo una tabia ambayo sikuwahi kuiona kwetu: ukikauka sana huyakataa maji. Kiangazi changu cha kwanza nilimwaga ndoo nzima chini ya mche, nikayaona maji yakijiviringisha juu ya mchanga kama yafanyavyo juu ya jani la myugwa, na nilipofukua kwa kidole nikakuta kwamba chini, kina cha nusu shibiri tu, mchanga ulikuwa mkavu kama majivu. Siku hizi huchanganya udongo wa mfinyanzi uliosagwa katika mchanga kabla ya kupanda, na juu yake hutandaza vipande vya magome, nikiacha nafasi kidogo kuzunguka shina.

Kosa lililoniuma zaidi, hata hivyo, halikuwa la maji. Nimelelewa katika nyumba ambayo samadi ilikuwa jawabu la kila mmea uliodhoofika, kwa hiyo banksia yangu ya kwanza, kichaka cha ukoo mmoja na grevilea, ilipoanza kugeuka manjano niliitilia samadi ya kuku, na baada ya majuma machache majani yakaungua kuanzia kwenye ncha na kichaka kizima kikafa. Baadaye ndipo nilipoelewa sababu. Udongo wa kusini-magharibi mwa Australia ni maskini mno wa fosforasi, mojawapo ya virutubisho vya mimea, na mimea ya ukoo wa banksia na grevilea imejitengenezea mashada ya vijizizi vyembamba, mithili ya pamba iliyochambuliwa, vinavyokamua fosforasi hata pale ambapo haipo ya kutosha. Mizizi ya namna hiyo haijui kukataa: ukiipa samadi ya kuku, ambayo imejaa fosforasi, huifyonza yote mpaka mmea unapata sumu. Ndiyo maana huuzwa mbolea maalumu ya mimea ya asili, yenye fosforasi kidogo sana, nami ningemshauri anayeanza asitie hata hiyo katika mwaka wa kwanza.

Nikiulizwa nichague vichaka vya bustani ya mchanga yenye jua la kutosha, nitaanza na eremofila, jamii yenye aina zaidi ya 200, ambayo jina lake la Kigiriki lina maana ya mpenda jangwa. Ile iitwayo Eremophila nivea ina majani meupe yenye manyoya laini kama sikio la mwana-mbuzi, na maua ya zambarau. Mimi humwagilia mizizi yake tu, kwa kuwa majani hayo hayapendi kulowa wala hewa ya unyevunyevu. Pili nitachukua Chamelaucium uncinatum, mwenyeji wa pwani ya mchanga kaskazini mwa Perth, ambao maua yake hudumu muda mrefu yakikatwa na kutiwa chomboni. Penye kivuli cha nusu siku nitapanda Correa alba. Grevilea naipenda kwa mbochi wake, unaowaita ndege wenye midomo mirefu wanaonikumbusha chozi wa kwetu, lakini mwenye watoto aulize kwanza, kwani zipo grevilea chotara zinazowasha ngozi vibaya.

Wakati wa kupanda ni Aprili na Mei, majira ambayo Wanoongar, wenye asili ya nchi hii, huyaita Djeran, joto linapopungua na mvua inakaribia. Mche wa wakati huo hupata miezi ya mvua ya kushusha mizizi, jambo lililo muhimu zaidi kwa kuwa kuanzia 1 Juni hadi 31 Agosti sheria ya hapa hairuhusu mabomba ya kunyunyizia bustani. Nunua mche mdogo wa kikopo chembamba, usivutwe na kichaka kikubwa kilichokwisha kuchanua, kwa maana mizizi iliyojizungusha ndani ya chungu huchelewa kushuka. Viangazi viwili vya mwanzo umwagilie kwa kina mara moja au mbili kwa juma, kwa maana hakuna mche unaostahimili ukame kabla mizizi yake haijafika chini.

Pale ilipokufa banksia yangu nimepanda Westringia fruticosa, kichaka cha pwani ya New South Wales kinachovumilia upepo wa chumvi na kisichodhurika upesi na fosforasi. Kina miaka mitatu sasa, kimefika kiunoni, na kiangazi kilichopita nilikimwagilia mara nne tu.