Tukiwaenzi wachambuzi wa nafsi, tuanze na waliomtazama mtoto

Wachambuzi wa nafsi, yaani wataalamu wanaotibu shida za nafsi kwa kumsikiliza mgonjwa akizungumza, wanapotajwa katika madarasa ya ualimu na uuguzi hapa Mtwara, anayetajwa kwanza, na mara nyingi peke yake, ni Sigmund Freud, mwanzilishi wa fani hiyo. Sina ugomvi na heshima hiyo. Yeye na daktari mwenzake Josef Breuer walipochapisha mwaka 1895 maelezo ya wagonjwa waliotibiwa kwa kuzungumza, waliwalazimisha madaktari wa Ulaya kukubali kwamba maneno ya mgonjwa ni sehemu ya matibabu, wala si kelele za kuvumiliwa hadi dawa ifike. Lakini mwanafunzi anayekariri nadharia za Freud kwa ajili ya mtihani, kisha akaenda kufanya kazi Tandahimba au Nachingwea, hatazihitaji sana huko. Atakachokihitaji kila siku ni kazi ya wale waliokuja baada yake na kujiuliza nini humpata mtoto mdogo anapotenganishwa na mlezi wake. Hao ndio ningependa tuwaenzi zaidi.

Nianze na Anna Freud, binti yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, yeye na Dorothy Burlingham walifungua vituo vya kulea watoto huko Hampstead, London, kwa ajili ya familia zilizovurugwa na mabomu. Kila mfanyakazi, awe amesoma au hakusoma, alitakiwa kuandika kwenye kadi yale aliyoyaona kwa watoto: nani alikataa kula, nani aliacha kusema, nani alimng'ang'ania mlezi mmoja na kuwakataa wengine wote. Miongoni mwa wafanyakazi hao alikuwamo James Robertson, Mskoti aliyeajiriwa kuwasha tanuri la kupashia jengo joto. Naona hilo ni jambo kubwa kuliko nadharia nyingi, kwamba mtu wa kazi za mikono aliaminiwa kuwa macho yake yanaona, na mtu huyo baadaye akawa mchambuzi wa nafsi.

Baada ya vita Robertson alifanya kazi na John Bowlby, daktari wa akili na mchambuzi wa nafsi wa Uingereza, na mwaka 1952 alitoa filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa hospitalini siku nane kwa upasuaji mdogo. Siku hizo hospitali za Uingereza ziliwabana wazazi kwa saa chache sana za kuwaona watoto wao, kwa hoja kwamba mama akija mtoto hulia na kuvuruga wadi, na akiondoka mtoto hutulia. Robertson alionyesha kwamba utulivu ule haukuwa nafuu hata kidogo, bali ni mtoto aliyekata tamaa. Madaktari walioitazama mara ya kwanza walikasirika. Ilichukua hadi mwaka 1959 ndipo kamati iliyoongozwa na Harry Platt ikapendekeza kwamba wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao bila kubanwa na saa.

Msomaji wa Lindi au Newala huenda akaona ajabu kwamba jambo hili lilihitaji filamu na kamati. Katika wadi zetu za watoto mama hulala na mwanawe, kanga yake ndiyo shuka na chupa ya chai iko chini ya kitanda. Tumezoea kuliona hilo kuwa dalili ya uhaba wa wauguzi, na uhaba upo kweli, lakini ningewaomba wanaopanga majengo mapya wasilihesabu kuwa kasoro ya kuondolewa. Wamwekee mama huyo mahali pa kulala na pa kuoga.

Kuhusu Bowlby ninao ubishi kidogo. Taarifa aliyoiandikia Shirika la Afya Duniani mwaka 1951 ilieleza vizuri madhara ya mtoto kukosa malezi ya mama, lakini wengi waliitumia kumbebesha mwanamke mmoja mzigo wote. Kwetu mtoto ana bibi, ana mama mdogo, ana mjomba; msimu wa korosho ukifika, wazazi wakihamia shambani, anabaki kwa watu anaowajua tangu alipoanza kutambaa. Huko si kutelekezwa. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyewahi kufanya kazi na Bowlby, aliliona hilo kwa karibu alipofuatilia familia 26 za Waganda katika vijiji vya jirani na Kampala kuanzia mwaka 1954. Miongoni mwa akina mama wa Buganda, kabla ya utafiti wake maarufu wa Marekani, ndipo alipoona jinsi mtoto anavyomfanya mlezi kituo chake: anatambaa kwenda kuchungulia dunia, kisha anarudi. Akina mama wale nao wanastahili sehemu ya heshima tunayoigawa.

Mwaka 2023 Serikali ilipozuia bweni kwa wanafunzi wa madarasa ya chini, hadi darasa la nne, nilisikia wazazi wengi wa mjini wakilalamika kwamba kazi zao hazikufikiriwa. Nawaelewa. Hata hivyo mtoto wa miaka sita aliyelia wiki ya kwanza na kunyamaza wiki ya pili hajathibitisha kwamba amezoea, na anayetaka kujua kwa nini namrejesha kwa yule mtoto wa filamu. Wapo watakaonijibu kwamba hata jando na unyago huwatenga watoto na mama zao. Ni kweli, ila mwali huwa na somo wake anayejulikana na familia, na siku yake ya kutoka inangojwa na mtaa mzima. Mtoto wa bweni hana uhakika kama huo kwa matroni anayelala na watoto arobaini.

Kwa hiyo vyuo vyetu vya ualimu vikitaka kumuenzi mchambuzi yeyote wa nafsi, viwape wanachuo wa mafunzo kwa vitendo kadi kama zile za Hampstead, waziandike kila siku katika mwezi wa kwanza wa darasa la awali, na wakufunzi wazisome kabla ya kusahihisha maandalio ya somo.