Theluthi Tatu za Yorkshire: Mipaka ya Kale Irudishwe au Iachiwe Wanahistoria?

Mji wa Todmorden, kaskazini mwa Uingereza, una ukumbi uliofunguliwa mwaka 1875 juu ya mto mdogo unaopita chini ya sakafu yake. Wakati huo mto huo ulikuwa mpaka wa kaunti mbili, Lancashire na Yorkshire, hivyo waliokwenda kucheza dansi waliweza kutoka kaunti moja na kuingia nyingine mara kadhaa kabla muziki haujanyamaza. Juu ya nguzo za mbele wamechongwa wanawake wawili wa mawe, kila mmoja akisimama kwa niaba ya kaunti yake, na pembeni mwao zimechongwa kazi za watu wao: pamba upande wa Lancashire, sufu upande wa Yorkshire. Miaka 13 baadaye Bunge lilipitisha sheria iliyounda halmashauri za kaunti, mpaka ukasogezwa, na mji mzima ukaingia Yorkshire. Wale wanawake wawili bado wako pale pale, wakilinda mpaka uliokwisha kuhama.

Nimeanza na ukumbi huo kwa sababu mabishano kuhusu mipaka ya kale ya Yorkshire, ambayo yamedumu kwa zaidi ya nusu karne sasa, mara nyingi huendeshwa kana kwamba mipaka hiyo haikuwahi kuguswa na mkono wa mtu mpaka tarehe 1 Aprili 1974. Siku hiyo Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1972 ilianza kufanya kazi, na halmashauri za maeneo matatu yaliyounda Yorkshire, yaani North Riding (kaskazini), East Riding (mashariki) na West Riding (magharibi), zikafutwa. Mahali pake zikaja North Yorkshire, West Yorkshire na South Yorkshire, pamoja na kaunti mbili mpya zilizobuniwa kandokando ya mito inapoingia baharini, Cleveland na Humberside, huku vipande vya pembezoni vikikabidhiwa Lancashire, Durham, Cumbria na Greater Manchester. Wapo wanaosema huo ulikuwa uporaji wa urithi. Wapo wanaosema ilikuwa kazi ya kawaida ya dola kupanga upya maeneo yake. Pande zote mbili zina hoja nzito, na zote mbili, kwa maoni yangu, zina jambo zinalolipita haraka.

Kwanza majina. Neno “riding” hapa halina uhusiano wowote na kupanda farasi. Limetoka katika lugha ya Wavikingi, walioteka mji wa York mwaka 866 na kugawana ardhi miaka kumi baadaye, nalo lina maana ya theluthi. Ndiyo maana zilikuwa tatu, na ndiyo maana hapakuwa na ya kusini: kitu kikishagawanywa mafungu matatu hakibakizi la nne. Mji wa York wenyewe, ambako theluthi zote zilikutana, haukuwa ndani ya yoyote kati yake. Chini ya theluthi kulikuwa na wapenteki, kitengo ambacho naweza kukifananisha na tarafa, kwa kukosa neno lililo bora zaidi. Hilo nalo ni jina la Kiskandinavia, lenye maana ya kushika silaha, na maelezo yaliyozoeleka ni kwamba wanaume waliokutana barazani walionyesha kuafiki kwao kwa kuinua silaha juu. Wapenteki nyingi zilibeba jina la mahali pa kukutania: Osgoldcross ni msalaba, Agbrigg ni daraja, Skyrack ni mwaloni wa kaunti. Mwaloni mkongwe wa Headingley, mtaa wa mji wa Leeds, unaosimuliwa kuwa ndio uliotoa jina hilo la mwisho, ulianguka mwaka 1941. Karibu na ulipokuwa umesimama kuna baa mbili zinazotazamana, moja ikiitwa Skyrack na nyingine Original Oak, na wanafunzi wa vyuo vya Leeds wanaozijaza mwishoni mwa wiki wananywa bia chini ya jina la baraza la kale, pengine bila kulijua.

Hata hivyo, kwa mtu wa kawaida ngazi iliyogusa maisha yake haikuwa theluthi wala wapenteki, bali parokia. Huko ndiko alikobatizwa, akaoa na kuzikwa, na tangu mwaka 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, alipoagiza kila parokia iwe na daftari, huko ndiko jina lake lilikoandikwa. Kisha sheria ya mwaka 1601 ikaitwika parokia jukumu la kuwatunza maskini wake kwa kodi, na hapo ndipo ilipodhihirika kwamba ramani ya kanisa haikuchorwa kwa ajili ya kazi ya serikali. York mwishoni mwa Zama za Kati ilikuwa na makanisa ya parokia yapatayo 40, mengine yakitenganishwa na mtaa mmoja tu. Halifax, katika vilima vya magharibi, ilikuwa parokia moja yenye eneo la zaidi ya maili za mraba 100, na ndani yake vijiji zaidi ya 20. Hebu mfikirie mjane asiye na kitu katika kijiji cha Heptonstall, akilazimika kushuka na kupanda milima kwa saa kadhaa ili akajieleze mbele ya waangalizi wa maskini walioko mjini Halifax, watu wasiomjua yeye wala marehemu mumewe. Bunge lilikiri tatizo hilo mwaka 1662: sheria ya mwaka huo ilieleza kwamba parokia za kaunti za kaskazini, Yorkshire ikitajwa kwa jina, ni kubwa mno, na ikaruhusu kila kijiji kiwatunze maskini wake chenyewe. Sheria nyingine, ya mwaka 1866, ikavihesabu vijiji vya namna hiyo kuwa parokia za kiraia, na tangu hapo parokia ya padri na parokia ya mtoza kodi zikawa vitu viwili vyenye jina moja.

Watetezi wa mageuzi wanapata nguvu hapa. Wanasema, na ni kweli, kwamba mgawanyo wa kale ulikuwa ukirekebishwa kila ulipoelemewa. Katika Kitabu cha Domesday, daftari la ardhi na mali lililoandikwa kwa amri ya mfalme mwaka 1086, hata Preston, mji ambao leo hakuna mtu anayefikiria kuutenga na Lancashire, umeorodheshwa chini ya Yorkshire. Na Middlesbrough, ambayo sensa ya mwaka 1801 ilihesabu watu 25, kufikia mwaka 1901 ilikuwa na zaidi ya 90,000, baada ya reli kuletwa na chuma kugunduliwa katika vilima vya jirani. Mji huo wa moshi na tanuri ulikuwa ndani ya North Riding, kaunti ya wakulima na wafugaji yenye makao yake makuu Northallerton, ilhali maisha yake ya kila siku yalifungamana na Stockton, ng'ambo ya mto Tees, iliyokuwa Durham. Kumwambia mkazi wa huko kwamba mstari uliochorwa na Wavikingi ndio uamue nani atengeneze barabara yake na nani asomeshe wanawe ni kumtania.

Mfano unaonigusa zaidi ni Saddleworth. Bonde hilo liko upande wa magharibi wa milima ya Pennines, ule unaoelekea Manchester, lakini kwa karne nyingi lilihesabiwa kuwa sehemu ya West Riding. Mwaka 1974 likawekwa chini ya Oldham, katika Greater Manchester, na mpaka leo wapo wakazi wanaopeperusha bendera ya waridi jeupe la Yorkshire wakisema wamenyang'anywa kwao. Nawaelewa. Lakini kanisani mababu zao walikuwa watu wa Rochdale, parokia ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa Lancashire. Mtu mmoja, katika nyumba ileile, alikuwa wa Yorkshire mbele ya hakimu na wa Rochdale mbele ya padri. Wanaodai ramani ya kale irudishwe wanapaswa kujibu swali dogo: ipi?

Pamoja na hayo, siwezi kuwafuata wanamageuzi hadi mwisho wa safari yao, kwa sababu ya Humberside. Walichukua sehemu kubwa ya East Riding, wakaiunganisha na kaskazini ya Lincolnshire, kwa hoja kwamba mlango wa mto Humber ni eneo moja la kiuchumi, lenye bandari kila upande. Katika makaratasi hoja hiyo ilipendeza. Lakini mwaka 1974 daraja la kuunganisha kingo hizo mbili lilikuwa bado linajengwa, na magari hayakulivuka mpaka mwaka 1981, ambapo watu walikuwa wameishi miaka saba katika kaunti ambayo nusu yake ilikuwa ng'ambo ya maji. Jina lenyewe halikuwa na babu wala hadithi. Tarehe 1 Aprili 1996 Humberside ilifutwa, Cleveland ikaenda nayo, na jina la East Riding likarudishwa. Halmashauri za kaunti za West Yorkshire na South Yorkshire zilikuwa zimekwisha kufutwa mwaka 1986. Mpango uliosifiwa kuwa wa kisasa haukumaliza robo karne kabla ya kutiwa viraka, ilhali theluthi ziliishi kwa takriban miaka elfu moja.

Tena watu walionyesha kwa vitendo kwamba kaunti ni zaidi ya mahali pa kulipia kodi. Mwaka 1975 chama cha wapenzi wa theluthi kilianzisha Siku ya Yorkshire, tarehe 1 Agosti, na tangu hapo katika malango ya York husomwa tamko linalotaja theluthi tatu na mji huo pamoja na umri wa mipaka yake, tarakimu ikiongezwa moja kila mwaka. (Hesabu hiyo inaanzia mwaka 875, mwanahistoria mkali angecheka, lakini sherehe haziendeshwi na wanahistoria wakali.) Klabu ya kriketi ya kaunti nayo iliendelea hadi mwaka 1992 kushikilia kwamba mchezaji wake awe amezaliwa ndani ya mipaka ya kale. Michael Vaughan, aliyekuja kuwa nahodha wa Uingereza, alikulia Sheffield lakini alizaliwa upande wa Manchester, na mlango haukumfungukia mpaka kanuni hiyo ilipolegezwa. Mapenzi ya mipaka, kumbe, hujua pia kumfungia mtoto wa nyumbani nje.

Msimamo wangu ni kwamba serikali ya mwaka 1974 haikukosea kupanga upya huduma. Ilikosea kutumia neno “kaunti” kwa maeneo yake mapya. Serikali yenyewe ilieleza wakati ule kwamba mipaka mipya ni ya utawala tu na haifuti kaunti za jadi wala mapenzi ya watu kwao. Maelezo hayo yalikuwa sahihi, lakini ramani za shule, anwani za barua na mabango ya barabarani yalisema kinyume, na kati ya tamko la serikali na bango la barabarani, watu huamini bango. Laiti yale maeneo mapya yangeitwa kwa jina jingine lolote, nusu ya ugomvi isingekuwapo. Na wale wanaotaka theluthi zirudishiwe halmashauri zake hawajasema zitafanya nini ambacho halmashauri za sasa haziwezi kufanya.

Pale ambapo mipaka ya kale haina mbadala ni katika kumbukumbu. Kila theluthi ilikuwa na ofisi yake ya kuandikisha hati za ardhi: Wakefield tangu mwaka 1704 kwa West Riding, Beverley tangu mwaka 1708 kwa East Riding, na Northallerton tangu mwaka 1736 kwa North Riding. Asiyejua shamba la babu yake lilikuwa theluthi ipi, wapenteki ipi na kijiji kipi, atapekua madaftari hadi macho yamuume. Chukua mji wa bandari wa Goole. Siku zote ulikuwa West Riding, katika wapenteki ya Osgoldcross. Waliporudisha jina la East Riding mwaka 1996 waliuweka ndani yake, huku Filey, ambayo kweli ilikuwa ya East Riding, ikiachwa North Yorkshire. Leo mwenye nyumba Goole hulipa kodi kwa halmashauri yenye makao yake Beverley, lakini akitaka kujua nani alimuuzia nani kiwanja chake miaka 200 iliyopita, itambidi aende Wakefield.