Kozi moja, ma-TA (walimu wasaidizi) wanne, maksi za aina nne

Kila muhula ukianza hili lazima litokee: mwanafunzi anauliza, mwalimu hii asaimenti maksi zake zinagawanywaje, anajibiwa huku ni chuo sio sekondari, kafikirie mwenyewe. Wengi wanasema kajibiwa sawasawa, anataka kutafuniwa. Mimi naona hajaeleweka tu, hajaomba majibu, kaomba kujua anapimwa kwa mizani ipi.

Walimu wana hoja yao na ina uzito. Ukishamwaga vigezo watu wanaandikia vigezo, utangulizi maksi 2, hoja nne, hitimisho, unapokea insha mia tatu zinafanana kama sare za shule na hakuna aliyethubutu kusema kitu chake. Kwenye fasihi au falsafa hiyo ni hasara kweli. Halafu kuna muda, mtu ana rundo la skripti mezani na bado una kazi nyingine ya kumwongezea.

Sasa angalia hiki. Mwaka 1912 Marekani, watafiti Daniel Starch na Edward Elliott walichukua pepa mbili za Kiingereza za wanafunzi wa sekondari, wakatuma nakala kwenye shule mbalimbali zisahihishwe, wakapata majibu ya walimu 142. Pepa moja, ileile, maksi zikaanzia 64 mpaka 98. Ya pili 50 mpaka 97. Watu wakasema aah hiyo ni lugha, basi mwaka uliofuata wakarudia kwa jiometri ambayo kila mtu anaamini haina ubishi, na huko ndo pengo likazidi, yupo aliyetoa chini ya 30 na yupo aliyetoa juu ya 90 kwa karatasi hiyohiyo! Mmoja anakata maksi kwa uchafu wa kazi, mwingine haangalii hilo kabisa. Hakuna aliyekuwa na chuki na mtoto, hata hawakumjua. Kila mmoja alikuwa na mizani yake kichwani na aliiamini.

Hiyo 50 na 97 huwa inanikaa sana kichwani nikifikiria Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kosiwaki, yaani kazi za muhula, 40, UE, mtihani wa mwisho, 60, A inaanzia 70, B+ inaanzia 60. Kozi kubwa inagawanywa semina, kila semina na TA wake. Tuseme wewe na rumeti wako wote mmepata 38 kwenye UE. TA wako anabana, kakupa 24 za kosiwaki, wa mwenzako mkono mwepesi, kampa 32. Yeye ana 70, A, pointi 5, wewe una 62, B+, pointi 4, na msuli mmepiga pamoja. Ikikukuta hivyo kozi kadhaa ndo unaishia na GPA ya 3.4, loa (daraja la pili la chini), mwenzako ana 3.5, apa (daraja la pili la juu), na anayesoma CV zenu hawezi kujua nani alikuwa semina ya nani.

Kwenye UE angalau unaandika namba na mtahini wa nje anapitia. Kwenye asaimenti jina lako liko juu kabisa. Chuo nilichosoma mimi tulienda watatu kuuliza kwanini semina yetu nzima hakuna aliyevuka 26, tukaambiwa huyo TA ndo standadi yake. Standadi yake! Kozi ni moja kwa wote.

Hofu ya insha kufanana ina dawa, kati ya maksi 20 tenga 4 kwa hoja ambayo mwongozo haukuitegemea, na useme mapema kwamba zipo. Ya muda pia, ma-TA wakae na skripti kumi zilezile kabla ya kuanza, kila mtu asahihishe kivyake halafu walinganishe wabishane, ni asubuhi moja. Wakianza sasa, mtu amalize swali la kwanza kwa darasa zima ndo aende la pili, maana akichoka akiwa kwenye skripti ya themanini, huyo wa themanini asibebe uchovu huo kwenye maswali yote.